Kozi ya wiki 12 ya kujisomea sataranji: nimeimaliza, na haya ndiyo niliyobaki nayo

Nianze na aibu, maana bila hiyo nisingenunua kozi yoyote. Mpwa wangu wa miaka 13 alikuwa na kete nyeupe. Akasogeza askari hadi mraba wa e4, mimi e5. Farasi f3, mimi d6. Askofu c4, nami nikamleta askofu wangu g4 kumbana farasi wake mbele ya malkia. Akatoa farasi wa pili, c3. Mimi, kwa sababu ambazo mpaka leo sizikumbuki, nikasogeza askari g6. Basi yule farasi niliyedhani nimembana akaruka na kumla askari wangu wa e5, malkia wake akabaki wazi kabisa. Nilimla malkia yule kwa furaha ya mtu aliyeokota pochi njiani. Askofu wake akala f7, cheki, yaani mfalme wangu ametishiwa. Mfalme wangu akapanda e7, hakuwa na pengine pa kwenda. Farasi wa c3 akatua d5, na habari yangu ikaishia hapo. Hatua saba.

"Mjomba," akaniuliza, bila kejeli yoyote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, "si ungemla farasi tu?"

Baadaye niligundua kwamba mtego huo una jina la Légal, Mfaransa wa karne ya 18 aliyekuwa mwalimu wa Philidor, mchezaji hodari wa zama hizo. Kwa hiyo nilifungwa na kitu ambacho watu wanakijua kwa zaidi ya miaka mia mbili. Usiku uleule nikaanza kutafuta namna ya kujifundisha vizuri, nikaangukia kozi ya kulipia ya wiki 12. Sitaitaja jina. Kozi za namna hii ni nyingi na mifupa yao inafanana, kwa hiyo nitakayosema yatakusaidia kupima hata nyingine utakayokutana nayo.

Ukishalipa unapata video 96, mafumbo 1,200, kadi za marudio, na ratiba inayokuamuru saa mbili kila siku, siku sita kwa wiki. Ahadi iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu kabisa: utapanda alama 300 za kiwango cha mchezaji. Mimi nafanya kazi ya zamu. Nilipopiga hesabu mwishoni niliona nimetumia saa kama 70 badala ya 144 walizozipanga, na sioni haya kusema hivyo, kwa kuwa sidhani kama walioipanga ratiba ile walimfikiria mtu anayerudi nyumbani saa nne usiku.

Ratiba yenyewe haisamehe. Ukikosa siku mbili, masomo yanajilundika na ukurasa wa mbele unakuwa mwekundu. Wiki ya tatu nilikuwa na deni la masomo saba, nikaanza kutazama video kwa kasi maradufu ili tu wekundu uondoke. Nadhani hapo mtu hajifunzi tena, analipa deni. Na ile ahadi ya alama 300 ilipaswa kunishtua mapema. Watafiti Gobet na Campitelli walichunguza wachezaji wa Argentina na kutoa matokeo yao mwaka 2007: kuna waliofika kiwango cha umahiri kwa saa kama 3,000 za kujifunza, na kuna waliohitaji zaidi ya 23,000. Watu wakipishana kiasi hicho, mtu anayekuahidi idadi ya alama kwa idadi ya wiki anakuuzia kalenda.

Tuje kwenye yaliyomo. Wiki tano za kwanza ni ufunguzi, na kwa mwenye kete nyeusi ni Najdorf mtindo mmoja, tawi la ulinzi wa Sicilia dhidi ya e4. Mwalimu anaeleza vizuri, sauti yake inapendeza, anajua anachosema. Tatizo ni kwamba alinipeleka hadi hatua ya 16, mpaka ndani ya ile lahaja ya askari mwenye sumu ambamo malkia mweusi anakwenda kumla askari wa b2 na kuomba Mungu arudi salama. Fischer mwenyewe alinaswa humo na Spassky kwenye mchezo wa 11 wa pambano la ubingwa wa dunia pale Reykjavik mwaka 1972, malkia wake akakosa njia ya kutoka. Mimi ni nani?

Nikaamua kuhesabu. Katika wiki zile 12 nilicheza michezo 58 nikiwa mweusi dhidi ya e4. Najdorf kamili, yaani kufika tu a6 kwenye hatua ya tano, ilitokea mara nne. Nne! Waliobaki walitoa askofu c4 kwenye hatua ya pili, au walisogeza askari f4, au walifanya mambo ambayo hayana jina. Na mtego wa Légal, ule ulionitoa jasho, haukuguswa hata kwa dakika moja katika wiki tano. Kwa mchezaji wa ngazi yangu ufunguzi ungetosha kwa jioni tatu: toa farasi na maaskofu, mfiche mfalme, usisogeze malkia ovyo, na kila mpinzani anapokuachia kitu cha bure jiulize kwanza kwa nini.

Mafumbo ni mengi na yamechaguliwa kwa ustadi. Yako ya farasi anayeshambulia kete mbili kwa mpigo, ya mfalme aliyezibiwa na askari wake mwenyewe kwenye mstari wa nyuma, ya mlinzi aliyetwishwa kazi mbili. Kilichoniudhi ni saa. Kila fumbo lina sekunde 40, ukichelewa unapoteza mfululizo wako, na mfululizo ukikatika panatokea moyo uliovunjika. Katika video ya utangulizi wanahalalisha haraka hiyo kwa ule uchunguzi wa watafiti Chase na Simon wa mwaka 1973: bingwa aliyeonyeshwa ubao wa mchezo halisi kwa sekunde tano aliweza kuupanga upya vizuri zaidi kuliko anayeanza, lakini kete zilipopangwa kiholela walikaribiana. Sawa, jaribio hilo linaonyesha kwamba bingwa ana picha nyingi kichwani. Halisemi kwamba picha hizo ziliingia kwa kukimbizwa.

Nilijichunguza wiki ya nne. Nilichukua mafumbo 50 niliyoyapata "sahihi", nikayafunika, nikajaribu kuandika kwenye karatasi hatua zote hadi mwisho, pamoja na jibu bora la mpinzani. Niliweza 21. Hayo 29 yaliyobaki nilikuwa nimeotea hatua ya kwanza kwa kuwa ilikuwa cheki, na programu ikanipigia makofi. Tangu siku hiyo nilihamia kwenye mafumbo ya tovuti ya Lichess, ambako hakuna anayekuhesabia sekunde usipotaka, na unaweza kuchagua aina moja tu ya fumbo na kukaa nayo. Lichess ni ya bure, haina matangazo, ilianzishwa mwaka 2010 na Thibault Duplessis na inaendeshwa na asasi ya Ufaransa isiyotafuta faida. Nilijiona mjinga kidogo kuwa nimelipia mafumbo.

Kadi za marudio, hizo nazisifu. Kila nafasi uliyokosea inageuka kadi. Ukiipata inarudi baada ya siku tatu, kisha saba, kisha kumi na sita. Ukiikosa inaanza upya kesho. Ni ule mtindo wa visanduku wa Leitner wa miaka ya 1970 uliovalishwa nguo mpya. Unafanya kazi. Hata baada ya kozi kuisha nimeendelea nao, ila sasa kadi ni za michezo yangu mwenyewe, kwenye karatasi ngumu, ubao nimeuchora kwa kalamu na jibu liko nyuma.

Sasa nifike kwenye wiki ya saba na ya nane, maana hapo ndipo fedha yangu iliporudi.

Wiki moja kabla yake nilikuwa nimetoka sare katika mchezo ambao hata bibi yangu, asiyejua ubao, angeona kwamba nashinda. Nilikuwa mweupe. Mfalme wangu yuko g8, askari wangu g7, hatua moja tu awe malkia, ngome yangu f1. Mfalme wake e7, ngome yake h2. Shida ni kwamba mfalme wangu mwenyewe ndiye aliyeziba njia ya askari. Nikacheza ngome e1, cheki, mfalme wake akaenda d7, na mimi kwa pupa nikamtoa mfalme f7. Cheki. Nikaenda g6. Cheki. Nikajaribu huku, cheki, nikajaribu kule, cheki. Kila nilipochoka kuzurura nilirudi g8 kupumzika. Nafasi ileile ilipotokea mara ya tatu akadai sare, tena kwa adabu, akaniandikia "mchezo mzuri". Nilizima simu.

Wiki ya saba, somo la tatu, naufungua ubao: mfalme g8, askari g7, ngome f1, na mweusi e7 na h2. Nafasi yangu! Nilihisi kama mtu aliyekuta picha yake ukutani kwa mgeni. Kumbe inaitwa nafasi ya Lucena, kwa jina la Mhispania aliyechapisha kitabu cha sataranji mwaka 1497, ingawa nafasi yenyewe haimo ndani ya kitabu hicho. Dawa yake ni hatua moja ya kimyakimya. Baada ya cheki ya e1 na mfalme mweusi kwenda d7, mfalme wako humtoi bado. Ngome inapanda e4, mstari wa nne, inakaa pale kana kwamba haina kazi. Ndipo unamtoa mfalme: f7, anapigiwa cheki kutoka nyuma, g6, cheki, f6, cheki, g5, cheki ya mwisho, kwa sababu sasa ngome yako inateleza kutoka e4 hadi g4 na kumkinga. Cheki zimekwisha, askari anapita. Wanaita kujenga daraja, na ukishaiona ngome ile inavyongoja pale e4 huwezi kuisahau.

Mwalimu wa sehemu hii ni mwingine, na tofauti inaonekana. Haharakishi. Anakuachia ubao ucheze dhidi ya kompyuta mpaka ushinde mara tano mfululizo kabla hajakufungulia somo linalofuata. Alitufundisha pia upande wa pili, nafasi ya Philidor, ambapo una ngome bila askari na unatakiwa usalimike: ngome yako inakaa mstari wa tatu kutoka nyumbani kwako, inamzuia mfalme wa adui asipande, na askari wake akishasogea tu kwenye mstari huo, ngome yako inakimbilia mwisho wa ubao kumpiga cheki kutoka nyuma, ambako hana tena pa kujificha. Nimeokoa nusu pointi, yaani sare, kwa njia hiyo mara tatu tayari. Somo la wafalme kukabiliana, yaani nani alazimike kumpisha mwenzake pale anapobaki askari mmoja, nalo lilinitoa tongotongo. Nilikuwa nacheza sataranji kwa miaka na sikujua kwamba kuna wakati zamu ya kucheza ni mzigo.

Kama wangeuza wiki hizo mbili peke yake, ningewapa nyota tano na kufunga makala hapa. Haki pia inanilazimisha niseme kwamba Lichess wana mazoezi ya Lucena, Philidor na wafalme kukabiliana, bure. Wanachokosa wale wa bure ni yule mwalimu asiye na haraka, na kwangu alikuwa na thamani.

Wiki ya 9 hadi ya 11 ni mchezo wa kati: michezo ya mabingwa, maelezo marefu kuhusu miraba dhaifu. Nilisinzia mara kadhaa. Huduma ya kuuliza maswali ipo. Nililouliza mimi lilijibiwa baada ya siku sita kwa mstari wa hatua uliotolewa kwenye kompyuta, bila neno hata moja la kueleza kwa nini.

Na hapa ndipo lalamiko langu kubwa. Katika video 96, iliyohusu kuchambua michezo yako mwenyewe ilikuwa moja. Ina dakika tisa. Inasema, kwa kifupi, ingiza mchezo wako kwenye kompyuta uone makosa. Lakini kompyuta inakuonyesha kosa liko wapi. Haijui ulikuwa unawaza nini ulipolifanya, na ugonjwa uko kwenye hayo mawazo. Kozi nzima ilinipangia dawa bila kunipima.

Kwa hiyo wiki ya 12, ambayo ni ya mtihani, sikuufanya mtihani. Nilikaa na daftari na michezo yangu 40 ya mwisho. Nilikuwa nimepoteza 23. Kila uliopotea niliupitia kwa macho yangu kwanza, bila kompyuta, nikaandika sentensi moja: niliwaza nini pale mambo yalipoharibika. Halafu ndipo nikaiuliza kompyuta. Michezo 11 nilipoteza kwa kuacha kete bila mlinzi, mara nyingi hatua moja baada ya mimi kushambulia kitu na kufurahi. Mitano ni saa kuniishia. Mitatu ni mwisho wa mchezo wenye ngome, kabla ya ile wiki ya saba. Miwili ni ufunguzi. Miwili mpinzani alinizidi tu, mkono wake ulikuwa mzuri.

Ufunguzi mara mbili kati ya 23, na ndiyo ulionilia wiki tano.

Nanakili hapa ukurasa mmoja kama ulivyo kwenye daftari: "Hatua ya 22. Nimesogeza malkia h5 kutishia h7. Nimeona tishio langu, sikuona kwamba malkia ndiye aliyekuwa akimlinda askofu wa c4. Sikuuliza: kete niliyoinyanyua ilikuwa inafanya kazi gani pale ilipokuwa?" Swali hilo la mwisho nimelichora mstari chini, na sasa limebandikwa kando ya skrini yangu. Nikiwa na kete mkononi, au kidole juu ya kete, najiuliza. Halizuii makosa yote. Ile michezo 11 kati ya 40 imeshuka hadi 5 katika 40 iliyofuata.

Ratiba niliyojitengenezea ni ndogo kiasi cha kuchekesha. Dakika 50, siku tano. Ishirini za mafumbo, kwa kawaida sita au saba tu, kila moja nimeliandika hadi mwisho kabla ya kugusa ubao. Thelathini ama ni kadi na mwisho wa mchezo, ama ni daftari. Siku moja ya mapumziko nacheza mchezo mmoja mrefu, dakika 30 kwa kila upande na nyongeza ya sekunde 20 kwa kila hatua, na kesho yake nauchambua huohuo. Michezo ya dakika tatu nimeiacha, isipokuwa nikiwa na hasira, na nikiwa na hasira napoteza, kwa hiyo nayo inajikomesha. Nikikosa siku, siku hiyo imekufa. Hakuna deni.

Alama je? Nilianza kozi nikiwa na 1,412 kwenye michezo ya dakika 15. Siku ya mwisho ya wiki ya 12 nilikuwa na 1,449. Miezi minne baadaye, kwa daftari na dakika 50, nina 1,563. Sitaki kukudanganya kwamba kozi haikuchangia. Lucena na zile kadi zimo ndani ya hizo 1,563. Wala usizione alama hizo kama mlima: kwa hesabu za Elo, mfumo unaopima viwango vya wachezaji, tofauti ya 100 maana yake ni kwamba mwenye nyingi atarajie kama asilimia 64 ya pointi, bado anachapwa mara kwa mara. Nimechapwa jana.

Nani anunue kozi hii? Mtu mwenye saa mbili za kweli kila siku, asiyependa kupanga mwenyewe, na aliyefika ngazi ambayo wapinzani wake kweli wanacheza Najdorf. Mwingine yeyote asubiri siku watakapoiuza kwa vipande, achukue ya saba na ya nane. Nyota mbili na nusu, na ile nusu ni ya yule mwalimu wa mwisho wa mchezo peke yake.

Waliniandikia wiki iliyopita kunipa punguzo la awamu ya pili, ambayo ni ufunguzi mtupu, wiki 12. Sikujibu. Mpwa wangu naye aliomba aitazame ile ya kwanza, nikampa kishikwambi na kumwambia aanze moja kwa moja wiki ya saba, asihangaike na mengine. Nilipopita baada ya nusu saa alikuwa kwenye Najdorf, malkia wake ameshakula askari wa b2, na anacheka peke yake.